Punguza Chumvi, Usipunguze Ladha
Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Sigor

 

Leo tuzungumze kuhusu mboga ya jioni. Sukuma wiki, kabeji, maharagwe na viazi ni chakula kizuri. Lakini vikipikwa vilevile kila siku huchosha, na mpishi hukimbilia chumvi au vile vidonge vya mchuzi vya dukani, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi.

Hapo ndipo penye hatari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi walikuwa hawajawahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo kwenye mkate.

Ladha tutaitoa wapi? Twanga kitunguu saumu na tangawizi, ukaange kidogo pamoja na kitunguu kabla ya nyanya. Usiache viungue, vitakuwa vichungu. Maharagwe yachemshe na kijiti cha rozimeri. Viazi vitie manjano au bizari wakati mafuta yamepata moto. Dania iweke mwisho, sufuria ikishatoka motoni, kwa sababu moto mwingi hupoteza harufu yake. Kamulia ndimu juu ya sukuma wiki, na utaona chumvi kidogo inatosha.

Hata nyanya zetu walijua jambo hili. Isagek hulazwa na maziwa ili uchungu upungue, wala si kwa kuongeza chumvi.

Viungo vingi havihitaji pesa nyingi. Dania humea kwenye gunia la udongo na mbolea karibu na mlango wa jikoni. Imwagilieni maji yaliyooshea mboga. Rozimeri huoteshwa kwa tawi la jirani, nayo hustahimili kiangazi.

Chumvi ipunguzeni polepole. Baada ya wiki chache ulimi huzoea. Na pale mezani, msiweke kikopo cha chumvi.

Ninaomba tuelewane: viungo si dawa. Aliyeandikiwa tembe za presha asiziache. Na ambaye hajapimwa, amwone mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwake. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji hawa wamekuwa wakipewa mikoba ya kazi yenye mashine ya kupima presha. Pia unaweza kufika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Anzeni na sufuria ya leo jioni.