Nyumba Njema Si Mlango

Maneno ya Ofisa Maendeleo ya Jamii katika mkutano wa wananchi wa kata



Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katani kwetu zipo nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa bati, na zipo za miti iliyokandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Mpita njia huzihukumu kwa mapaa yake. Naomba leo tuzipime kwa mambo matatu asiyoyaona.

La kwanza ni afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kuzunguka redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo. Somo lile halijachakaa. Choo chenye mfuniko, kibuyu chirizi kando yake, maji yaliyochemshwa, chandarua kilichochomekwa vizuri na dirisha linalofunguka, hivyo vyote vyawezekana hata katika nyumba ya udongo.

La pili ni amani. Mtoto akisikia nyayo za baba na kukimbilia mlangoni kumpokea, hapo ni nyumbani. Akikimbilia kujificha nyuma ya ghala, hapo pana kuta na paa tu, hata kama kuta hizo zimepakwa rangi.

La tatu ni uhakika, na hapa naomba tukae kidogo. Mama amekandika ukuta kwa mikono yake, amebeba maji na nyasi, amelea watoto humo. Siku moja anafika mgeni na kumwambia kwamba nyumba imekwisha kuuzwa. Au mume anafariki, na kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wanaulizana funguo ziko wapi. Je, mtu aweza kupaita nyumbani mahali anapoweza kufukuzwa kesho?

Ndugu zangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria haikuuliza kama nyumba hiyo ni ya bati au ya nyasi. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume.

Kwa hiyo nawasihi: nendeni pamoja, mume na mke, mkaombe hatimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji, na majina yenu wawili yaandikwe. Waiteni majirani washuhudie mipaka. Nawe unayetaka kununua, usitoe fedha kabla hujamsikia mke au mume wa muuzaji. Mgogoro ukizuka, lipelekeeni Baraza la Kata shauri hilo lisuluhishwe mapema, kabla panga halijashikwa.

Baba anayeandikisha jina la mkewe hapungukiwi kitu. Anawaachia watoto wake mahali pa kurudi, naye mjane wake hatalazimika kuthibitisha haki yake kwa machozi. Nyasi za paa hubadilishwa kila baada ya misimu michache. Uhakika huo hudumu.