KUFUNGA MELI KUBWA SI KAZI YA HARAKA

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi, Mombasa)



Mabehewa yakikaa matupu Kilindini, husikika watu wakisema, "Watu wa bandari ni wavivu. Meli imeonekana tangu asubuhi, na hata sasa haijafungwa." Leo nataka tuyapime maneno hayo, kwani asiyejua kazi ya mwenzake huiona nyepesi.

Sisi tuna breki. Dereva akizifunga, kila behewa hushika reli. Meli haina breki. Meli ya makontena yenye urefu wa mita 300 ni kama mabehewa 20 yaliyounganishwa, na uzito wake pamoja na shehena waweza kupita tani 100,000. Injini ikizimwa, bado inakwenda. Tena ikienda polepole, usukani wake hupoteza nguvu, na upepo wa kusi ukipiga yale makontena yaliyopangwa juu, huwa kama umepata tanga.

Kwa hiyo meli hupokewa huko nje na rubani. Mashua humpeleka ubavuni, naye hupanda kwa ngazi ya kamba huku bahari inacheza. Sheria ya bahari yasema kwamba akipaswa kupanda zaidi ya mita 9, ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya meli. Nahodha hubaki mkuu wa meli yake, lakini rubani ndiye ajuaye mkondo, maji kujaa na kupwa, na mahali pa kugeukia. Pale Likoni njia ni nyembamba, na feri yenye watu hungoja meli ipite.

Kisha huja tagi. Ni ndogo kwa macho, lakini moja ya siku hizi yaweza kuvuta kwa nguvu ya tani 50 na zaidi. Moja hufungwa tezini, ikavuta nyuma. Hiyo ndiyo breki. Nyingine hushika omo. Karibu na gati huisukuma meli ubavuni, kidogo kidogo, hata mwendo uwe kama sentimita 10 kwa sekunde. Mtoto anayetambaa huipita. Ikizidi sana hapo, gati laweza kuharibika.

Mwisho ni watu wa kamba. Hurushiwa kamba nyembamba, nao huivuta hata ije ile nzito, wakaivika kwenye nguzo ya chuma. Kamba hiyo ikikazwa sana na kukatika, ncha yake hurudi kwa nguvu ya kuua mtu. Je, mtu kama huyu tumwambie, "Fanya upesi"?

Sikilizeni habari ya Baltimore, huko Marekani. Ilikuwa usiku wa tarehe 26 Machi 2024. Meli ya makontena iitwayo Dali, ya urefu wa mita 300, ilitolewa gatini na tagi mbili, kisha tagi zikaachwa zirudi. Mbele kidogo umeme wa meli ukazimika. Marubani waliomba tagi zirudi, wakaangusha nanga, wakatoa habari kwa redio. Polisi wakayazuia magari yasipande darajani. Lakini juu ya daraja walikuwako wafanyakazi wakiziba mashimo ya barabara. Meli iligonga nguzo, daraja likaanguka, na wafanyakazi 6 wakafa. Wenye magari walizuiwa. Wenye sepetu walibaki.

Basi nina mambo matatu ya kuomba. Kwanza, mtu wa tagi au wa kamba akisema watu hawatoshi, au upepo ni mkali, sisi wa reli tusimame upande wake, hata kama treni itachelewa. Pili, mtu yeyote afanyaye kazi mahali ambapo meli inakaribia, awe fundi, mfagiaji au mtu wa reli, apate onyo mapema kama wakubwa wanavyolipata. Tatu, rubani na watu wake wapate saa za kupumzika, kwa maana jicho lenye usingizi halipimi sentimita.

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Januari 1947, watu wa reli na wa gati waliacha kazi pamoja katika mji huu. Toka 1948 mpaka 1969 reli na bandari zilikuwa shirika moja. Mashirika yamegawanywa, lakini kontena ni lile lile: likitoka mikononi mwao laingia mikononi mwetu.

Treni iliyochelewa saa mbili hufika. Mtu aliyepigwa na kamba harudi kwake.