Honi Siyo Breki

Leo tuongee juu ya baiskeli na magari. Zamani barabara ya Babati–Singida ilikuwa ya vumbi. Mashimo yalimlazimisha dereva kwenda polepole. Sasa ni lami, na malori yanapita hapa Katesh kwa kasi. Dereva anapiga honi, akidhani utashuka kando. Wewe unadhani keshakuona, atapunguza mwendo. Je, nani atampisha nani? Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki! Basi, endesha kushoto, usiyumbe, tazama nyuma kabla ya kukata kona. Na siku utakaposhika usukani, kumbuka: honi siyo breki.