Chumba cha Mtoto ni Nusu ya Dawa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Pengine mtu atauliza: watu wa reli wana shauri gani na chumba cha watoto wachanga? Tunajibu hivi. Sisi tumelala mchana katika landhi baada ya zamu ya usiku, mabati yanachoma na injini zinapiga honi yadini. Twajua kuwa nyumba yaweza kumnyima mtu usingizi hata kama amechoka sana. Basi fikirini mtoto wa siku mbili ambaye mwili wake wenyewe haumpi raha.

Mama akitumia heroini, au akinywa methadoni kwa amri ya daktari, dawa hiyo humfikia mtoto tumboni. Akizaliwa, hukatika ghafula. Katika siku chache za kwanza huweza kushikwa na ile hali ambayo vijana wa Pwani huiita arosto. Hutetemeka, hulia kwa sauti kali, hupiga chafya, hutapika, huhara, wala hashiki titi vizuri. Mtoto huyu si mlevi, wala hana kosa. Mishipa yake ya fahamu imeamshwa mno, na taa kali na kelele humzidishia taabu.

Kwa miaka mingi huko Marekani watoto wengi wa namna hii walipelekwa katika chumba kikubwa cha watoto mahututi: vitanda kwa safu, taa zinawaka, kengele za mashine zinalia, mama yuko mbali. Manesi walihesabu alama za kila dalili kwa orodha ya Dk. Loretta Finnegan ya mwaka 1975, na alama zikipanda, mtoto alipewa mofini. Lakini yafaa tuulize: mtoto akilia katika chumba kama hicho, alama ile ni ya arosto au ni ya chumba?

Hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, ilibadili mambo kati ya 2010 na 2016. Mtoto alikaa na mzazi chumba kimoja, taa zimepunguzwa, kelele chache, anabebwa kifuani. Manesi wakauliza mambo matatu tu: Anakula? Analala? Akibembelezwa, hutulia? Muda wa kukaa hospitali ukashuka kutoka siku 22.4 hadi 5.9. Kwa watoto wa akina mama wa methadoni, zamani 98 katika 100 walipewa mofini, wakawa 14. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya hospitali 26 za Marekani na watoto 1,305. Waliotunzwa kwa maswali hayo matatu walikuwa tayari kwenda kwao baada ya siku 8.2, wale wa desturi ya zamani, siku 14.9.

Hatusemi dawa itupwe. Wako watoto ambao bado huhitaji mofini, na daktari ndiye aamuaye. Wala mama mja mzito asiache methadoni kwa shauri lake mwenyewe, maana kukatiza ghafula ni hatari kwa mimba.

Hapa Kenya kliniki za methadoni zilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Malindi 2015. Kwa hiyo jambo hili ni letu pia. Tunaiomba kamati, popote wodi inapojengwa au kutengenezwa, idai haya:

1. Kitanda cha mama kiwe kando ya mtoto, hata kama ni pembe iliyotengwa kwa pazia.

2. Pembe hiyo iwe na taa na swichi yake, isitegemee taa za wodi nzima.

3. Iwe mbali na mlango, simu na mahali pa kuoshea vyombo.

4. Kiwepo kiti chenye mgongo, ili mama, baba au nyanya ambebe mtoto kwa saa nyingi.

Pazia, swichi na kiti si vitu vya kufilisi hospitali. Na la mwisho, mama asitukanwe. Akitukanwa atakimbia, na mtoto atapoteza kifua kinachomtuliza.

Ndugu, mgeni aliyefika usiku hupewa mahali pa kulala kabla ya kuulizwa habari za safari. Tumpe na huyu.