TUOMBE KAMA HANA NA NEHEMIA
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sio Port)



Kila mkutano wa kikundi tunaufungua kwa sala. Ni vizuri. Lakini tuulizane: sala hiyo inabadilisha nini? Mara nyingi mmoja anasimama, anarudia maneno ya juma lililopita, tunasema "Amina", halafu tunaanza kugombania pesa za mzunguko. Nyumbani ni hivyo hivyo: tunaomba haraka haraka, usingizi ukituvuta. Biblia ina sala za watu wenye shida kama zetu. Tujifunze kwao.

Hana (1 Samweli 1). Mke mwenza alimchokoza mwaka hadi mwaka. Hana hakutafuta maneno mazuri. Alimimina moyo wake, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kumbe sala si hotuba! Mama ambaye mume wake yuko ziwani usiku, na upepo umeanza, aseme tu: "Baba, naogopa." Hiyo ni sala kamili.

Mtoza ushuru (Luka 18). Sisi watu wa mpakani tunajua vile watoza ushuru wanavyosemwa! Lakini Yesu alisema huyo ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa, wala si Farisayo aliyehesabu mema yake na makosa ya wengine. Mtu akiomba kikundini, "Ee Mungu, waguse wale wasiorudisha mkopo," huyo anamsema jirani, haongei na Mungu.

Nehemia. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Katika sura ya 1 hakusema wao ndio wamekosa. Alijitia yeye mwenyewe na jamaa yake. Alingoja miezi kama minne. Mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo papo hapo, kisha akajibu kwa mpango: barua za njiani, miti ya kujengea, na siku ya kurudi. Adui walipotisha, watu waliomba na pia wakaweka walinzi usiku na mchana. Ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Basi mvuvi anayeomba kabla ya kwenda kuvua omena, avae pia jaketi la kuokoa maisha. Mweka hazina anayeomba uaminifu, aandike daftari vizuri na awasomee wanachama.

Sasa tufike sura ya 5, hapo ndipo pagumu. Katikati ya kazi, maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wanauzwa utumwani. Na waliowakopesha ni ndugu zao! Nehemia hakusema, "Haya, tuombe, tuendelee na kazi." Aliwaambia warudishe mashamba na riba, nao wakarudisha.

Jameni, tukimnyang'anya mjane mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya deni, halafu tufunge mkutano kwa sala, sala hiyo inakwenda wapi? Ni kweli deni ni la kulipwa. Pesa ni za wote. Lakini kuna kumwongezea muda, kuna kulipa kidogo kidogo, kuna kumwendea nyumbani kuona kama amelala njaa. Katika Mathayo 6 Yesu ametufundisha kuomba msamaha tukiwa watu wanaosamehe.

Juma hili jaribu hivi. Chagua sala moja kati ya hizi. Isome polepole mara mbili. Nyamaza kidogo. Kisha mwambie Mungu jambo lako kwa lugha yako ya nyumbani, bila kupamba.

Maswali ya kuzungumza kikundini
1. Ni jambo gani tunaliombea kila mara lakini hatujaliwekea "walinzi"?
2. Kuna mwanachama ambaye deni limemfanya aache kuja mikutanoni? Nani atamtembelea, na lini?