Mikoko ya Gazi: Ilivyofyekwa, Ilivyorudi
(Mazungumzo na wakazi wa Kaunti ya Kwale)

 

Nimeombwa nizungumzie misitu, nami nimechagua ulio karibu nasi, mikoko ya Ghuba ya Gazi. Wazee mlioketi hapa mnaijua kuliko mimi.

Kukata mikoko si jambo geni. Fito, pau, mazio, boriti: ni majina ya vipimo vya miti hiyo, na kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka Arabuni. Mikoko ya Pwani imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, na 1982 kuiuza nje ya nchi kukapigwa marufuku. Lakini Gazi haikumalizwa na jahazi. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ilifyekwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Fundi wa nyumba huchagua mti huu akauacha ule. Tanuri halichagui. Kuna mahali palibaki mchanga mtupu, miaka ikapita bila mche kuota wenyewe.

Mwaka 1991 watafiti, akiwemo James Kairo tunayemjua kwa kazi yake KMFRI, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ina ujuzi wake. Mlilana hukaa mbele, upande wa bahari. Mkoko nyuma yake. Mkandaa juu zaidi, karibu na nchi kavu. Ukipanda mkandaa mahali pa mlilana, umepoteza siku yako. Mimi huitwa mara nyingi kupiga picha za siku ya kupanda miti. Ni nadra kuitwa mwaka unaofuata nipige picha ya miti yenyewe.

Gazi na Makongeni hawakuishia kwenye picha. Tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti na matope yake, sawa na takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wamefuata njia hiyo.

Hata hivyo, mama bado anahitaji kuni na kijana anayeoa anahitaji boriti. Kumwambia mtu asikate bila kumwonyesha pa kupata ni kumfundisha kukata usiku. Ndiyo maana mradi wa Gazi ulipanda pia mivinje, ambayo hukua haraka na kutoa nguzo na kuni. Mwenye kipande cha shamba, hasa kwenye mchanga, aanze na hiyo. Na anayehitaji miti ya mikoko afike kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, aulize kuhusu kibali kabla hajanoa shoka.

Sasa nipo tayari kwa maswali, tukianza na kina mama.