Nani Atailea Simu Iliyoachwa na Mtengenezaji?



Samsung ilipoitoa Galaxy S III mwaka 2012, kuwa nayo mkononi ilikuwa fahari. Toleo lake la kimataifa lilipata masasisho rasmi hadi Android 4.3, kisha basi. Tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp ikaacha kuzihudumia simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Mwenye S III aliyebaki na mfumo wa kiwandani, hata kama kioo chake kilikuwa kizima na spika inalia vizuri, siku hiyo alikatwa na jamaa zake na wateja wake. Lakini aliyekuwa ameweka LineageOS, mfumo endeshi unaotengenezwa na watu wa kujitolea, alikuwa na Android 7.1 kwenye simu ileile. Yeye hakuguswa.

Simu ni moja, chipu ni moja. Kilichozitofautisha ni kwamba mojawapo ilipata walezi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hoja yangu jioni hii ni hiyo: msimbo huria peke yake hauokoi simu kuukuu. Inaokolewa na mtu anayekubali kubeba mzigo wa kuitunza mwaka baada ya mwaka, na kuwalea watu wa aina hiyo ni wajibu wa chuo kikuu.

Tuanze na sababu za simu kutelekezwa. Android imejengwa juu ya Linux, na leseni ya Linux inamtaka kila anayeisambaza atoe na msimbo wake. Hapo mlango uko wazi. Lakini chini kabisa, kamera, modemu na kipokezi cha GPS huendeshwa na programu za mtengenezaji wa chipu, na nyingi kati ya hizo hutolewa zikiwa zimefungwa. Zimeandikwa kwa ajili ya toleo fulani la Linux. Mwenye chipu akisema amemaliza, mwenye simu naye hukwama, hata akiwa na nia njema.

Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilikutana na ukuta huo. Simu yake ya Fairphone 2 iliingia sokoni mwishoni mwa 2015 ikiwa na chipu ya Qualcomm Snapdragon 801. Qualcomm iliacha kuihudumia chipu hiyo baada ya Android 6. Fairphone ilitaka kwenda mbele, ikategemea kazi ambayo jumuiya ya LineageOS ilikuwa imekwisha kuifanya. Mwaka 2021 wenye simu hiyo walipokea Android 9, mfumo wa 2018, ukiwa umekalishwa juu ya Linux 3.4, iliyotoka 2012. Kila pengo la miaka hiyo lilibidi lizibwe kwa mkono: kurekebisha kamera, kurekebisha sauti, kujaribu tena, kisha kupita majaribio ya Google yanayohesabika kwa malaki. Masasisho ya mwisho ya simu hiyo yalitoka Machi 2023, zaidi ya miaka 7 tangu izinduliwe.

Jumuiya iliyowezesha hayo nayo ilikaribia kuzama. Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kusambaza mfumo wa CyanogenMod kwa wenye HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Mradi ukakua, mwaka 2013 ukazaa kampuni, fedha za wawekezaji zikaingia, na Desemba 2016 kampuni ikafunga huduma za mradi huo. Mwezi huohuo wanajumuiya wakauchukua msimbo wakaupa jina la LineageOS. Miezi michache baadaye, Aprili 2017, kampuni ya Canonical iliachana na Ubuntu ya simu, na jumuiya ya UBports ikaichukua, inaendelea nayo. Mwaka huohuo ukaanza mradi wa postmarketOS, ambao shabaha yake ni simu kuishi miaka 10. Kampuni zilikuja zikaondoka. Leseni ndiyo iliyowapa watu haki ya kuendelea, lakini kuendelea kwenyewe kulitaka usiku wao, vifaa vyao na subira yao.

Tusidanganyane kwamba kuweka mfumo kama huo kwenye simu ni rahisi. Kwenye simu nyingi unaingia kwenye mipangilio, unagusa namba ya toleo mara 7, chaguo lililofichwa linajitokeza, ndipo unaweza kufungua kufuli la kiwandani linalozuia mfumo mwingine kuwekwa. Kufuli likifunguka, kila kilichomo ndani ya simu kinafutwa: picha, namba, ujumbe. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa. Na katika LineageOS kila aina ya simu ina mtunzaji wake. Akipata ajira nyingine au akichoka, na asipatikane wa kumrithi, simu hiyo huondolewa kwenye orodha ya zinazohudumiwa.

Sasa tazameni orodha yenyewe kwa jicho la Mwafrika Mashariki. Mtakuta Pixel, Samsung, Xiaomi, OnePlus, Motorola. Simu za bei nafuu zenye chipu za MediaTek na Unisoc, ambazo ndizo zilizojaa katika masoko yetu, ni nadra mno kuziona humo. Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu zinazouzwa kwao watoe masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya simu kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haimlindi mama ntilie wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye fedha zake zote zinapita kwenye simu iliyosahauliwa na kiwanda.

Watu wa kumlinda tunao. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi huflashi simu, yaani kuziwekea mfumo upya, kutwa nzima; wanajua simu ipi inafufuka na ipi inakwama kwenye nembo. Elimu hiyo haijawahi kupewa kiti darasani. Hata hivyo, vyuo navyo vina mahali pa kuanzia: mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo programu huria si jambo geni katika vyuo vyetu.

Naomba mambo matatu. Idara za kompyuta zikubali utunzaji wa mfumo wa simu moja, tena inayotumika mitaani kwetu, kuwa mradi halali wa mwaka wa mwisho, na mwanafunzi anayehitimu amkabidhi simu hiyo anayefuata. Mafundi waalikwe kufundisha maabara, walipwe kama wakufunzi. Na mamlaka za mawasiliano zimdai kila anayeingiza simu nchini atoe msimbo ambao leseni ya Linux tayari inamlazimu kuutoa, tena aruhusu kufuli lifunguliwe muda wake wa masasisho ukiisha. Ombi la tatu litachukua muda. Mawili ya kwanza yako ndani ya uwezo wetu, na yanaweza kuanza muhula ujao.